Fundi bomba naye ni mmisionari, mchangieni aende

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo, mtanivumilia, ila jambo lenyewe limenikaa moyoni na nikinyamaza nitakuwa nimemnyima haki kijana wa watu.

Kuna kanisa moja huku kwetu mkoani Tanga, jina silitaji kwa sababu sitaki kumwaibisha mtu, lina kijana wao fundi bomba, ana cheti cha VETA, anajituma, na kwenye kwaya yumo. Huyu kijana alipata nafasi ya kwenda nje kujitolea na timu ya wamisionari, na waliomwita walimwambia wazi kabisa kwamba wahubiri wanao, wanachokosa pale ni fundi wa maji. Kazi haina mshahara, kwa hiyo akaiandikia kamati ya kanisa lake kuomba wamsaidie tiketi, bima na hela ya kujikimu. Kamati ikakaa, majibu yakarudi kwamba kanisa linatuma wahubiri, halitumi mafundi, na kama anatafuta kazi ya bomba basi aende kwa wakandarasi. Nimeisoma hiyo barua kwa macho yangu, na imeniuma sana.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimeishi Madagaska miaka kadhaa, ile nchi wazee wetu wa pwani walikuwa wanaiita Bukini, kwenye zahanati ya misheni nje kidogo ya mji wa Toamasina ambako ndiko iliko bandari kubwa ya nchi ile. Na nasema bila kupepesa macho, unesi wangu wote kule ulisimama juu ya mtu mmoja ambaye hakupanda madhabahuni hata siku moja, fundi, kaka mmoja Mkongo wa Bukavu.

Watu nikiwaambia nilikuwa misheni wanawaza mikutano ya uwanjani, spika kubwa na umati unaitika amina. Hiyo ipo, sikatai, ila ni siku chache sana kwa mwaka. Siku zingine zote ni maisha ya kawaida tu. Ule upande wa mashariki mvua inanyesha karibu mwaka mzima, nguo hazikauki, ukuta unaota ukungu, chumvi inalowa kwenye kopo lake. Unaamka alfajiri, umeme ukiwepo unashukuru, usipokuwepo unawasha taa ya sola. Asubuhi mnakula wali, ndiyo, wali asubuhi, umepikwa laini na majani ya mboga, wenyewe wanauita vary amin'anana, mchana wali na jioni wali tena, halafu mkimaliza mnaletewa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria lenye ukoko wa wali ulioungua kidogo, mwanzoni nilikuwa nayakwepa ila ilifika mahali chakula bila hayo maji nikawa naona sijala. Mchele sokoni unapimwa kwa kopo la maziwa, wanaliita kapoaka, na ukienda Bazary Be bila kujua kuhesabu kwa Kimalagasi utarudi na kikapu nusu na hela imeisha. Kwa hiyo mtu wa kwanza tuliyekuwa tunamtegemea kila wiki alikuwa mama mpishi wa pale pale, anajua bei, anajua nani ana mchele mzuri, anajua nani mgonjwa nyumba ya tatu na hana wa kumletea zahanati. Sasa huyo tumwite nani, mpishi tu? Mimi nilipata wagonjwa wengi kutoka kinywani mwa huyo mama kuliko kwenye mkutano wowote.

Nirudi kwa fundi. Zahanati ni maji jamani. Mama akija kujifungua usiku unataka maji, vifaa vichemshwe unataka maji, mashuka yafuliwe, sakafu ipigwe deki, mikono inawe kabla hujamshika mtoto mchanga. Maji yetu yalitoka kisimani kwa pampu, na pampu ile kila mvua kubwa ikinyesha inavuta tope, chujio linaziba, bomba linakohoa mara mbili halafu kimya. Kabla hajaja huyu kaka tulikuwa tunachota kwa ndoo, mimi na dada mmoja nesi wa Kenya, tunabeba ndoo huku wagonjwa wanasubiri kwenye benchi, na ukishabeba ndoo nusu siku mkono unatetemeka, huwezi kutafuta mshipa wa mtoto vizuri. Alipofika hakusema mengi, alitandika gunia chini, akafungua ile pampu kipande kwa kipande akavipanga kwa mstari, akamwita kijana mmoja wa kijijini akae naye, akawa anamwonyesha kila nati inakaa wapi. Baadaye akajenga tangi la juu la kuchujia kwa mchanga na kokoto ili tope libaki kule. Tangu hapo wanaokuja na vidonda vilivyooza baada ya kushonwa kwetu wakapungua, na nasema hivyo kama nesi niliyekuwa naandika daftari.

Ukaja msimu wa vimbunga, kule kuanzia Januari mpaka Machi kila mtu anasikiliza redio. Usiku ule upepo ulikuwa unalia mpaka hamsikilizani, bati za jikoni zikang'oka, umeme ukakatika mapema kabisa, na sisi tuna friji ya chanjo ambayo ikipata joto chanjo zote ni za kutupa. Jenereta ikagoma kuwaka. Yule kaka akaingia kibandani na tochi, maji yako kifundoni, mhasibu wetu Mjerumani ambaye kazi yake ni makaratasi akamshikia tochi muda wote, mchungaji wetu Mbrazili akabeba madumu ya dizeli begani akipita kwenye mvua ile, mie na mwenzangu tunahamisha chanjo kwenye makasha ya baridi, na mwinjilisti wa Kimalagasi yuko kanisani anapokea familia ambazo nyumba zao zimeondoka, anawapanga, anaomba nao, anahesabu watoto. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele kuuliza kama kuna tumaini, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama, tulia, taa itarudia." Ikarudi kweli. Kulivyopambazuka chanjo zilikuwa salama, na watoto waliochanjwa wiki iliyofuata wazazi wao hawakujua kwamba kuna fundi alilala kwenye maji kwa ajili yao.

Sasa wanakamati wataniambia hayo ni mambo ya msaada wa kijamii, injili ni injili. Naomba nao wasome historia ya nchi hiyo hiyo ninayoisema, maana iko wazi na inafundisha kuliko maneno yangu.

Mwaka 1818 vijana wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan, waliotumwa na chama cha misheni cha London, walishuka Toamasina hapo hapo. Walikuwa wawili na wake zao na watoto wadogo. Ilipofika mwanzoni mwa 1819 homa ilikuwa imemaliza karibu wote, Bevan, mke wake na mtoto wao, mke wa Jones na mtoto wao, amebaki Jones peke yake na yeye mgonjwa hoi, akarudishwa Morisi. Huwa najiuliza yule mtu alipata wapi nguvu ya kurudi, lakini alirudi, na 1820 akafika mji mkuu, Antananarivo, kwa mfalme Radama wa kwanza. Na mfalme alisemaje? Alikubali wamisionari waje, ila alitaka waje na mafundi wa kuwafundisha watu wake kazi za mikono. Kwa hiyo London ikatuma mafundi, kuna mfumaji, kuna mhunzi, kuna wa ngozi, na mwaka 1826 akaja seremala Mskoti anaitwa James Cameron pamoja na mpiga chapa mmoja, Hovenden.

Yule mpiga chapa alifariki kwa homa wiki chache tu baada ya kufika. Mashine ya kuchapa ipo kwenye masanduku na hakuna anayeijua. Aliyeiunganisha mpaka ikafanya kazi ni huyo seremala na wenzake, na 1827 kurasa za kwanza za kitabu cha Mwanzo kwa Kimalagasi zikatoka. Seremala huyo! Wangekuwa na kamati kama ya huku kwetu mashine ingebaki kwenye masanduku.

Halafu Radama akafa 1828, akaingia malkia Ranavalona wa kwanza, yeye wageni hakuwataka. Wakatumwa maofisa wake kuwauliza wamisionari, mna kitu gani kingine cha kutufundisha, kwa mfano mnaweza kutengeneza sabuni kwa vitu vya hapa hapa nchini? Wahubiri wakamwangalia Cameron. Cameron akaomba wiki moja, akatafuta, akajaribu, na wiki ilipoisha akapeleka vipande viwili vya sabuni. Kwa sababu ya sabuni ile, na kazi zingine alizopewa na serikali, wakaachwa waendelee kukaa, na katika miaka hiyo waliyoongezewa Agano Jipya likachapwa 1830 na Biblia nzima ya Kimalagasi ikakamilika 1835. Nilipoisikia hii habari mara ya kwanza kwa mwinjilisti wetu nilikaa kimya muda mrefu. Biblia ya taifa zima, moja kati ya za mwanzo kabisa barani Afrika kuchapwa kwa lugha ya wenyeji, ilipata muda wa kumalizika kwa sababu seremala alijua kuchemsha sabuni.

Na huku kwetu je? Alexander Mackay, yule Mskoti wa Uganda, alikuwa injinia, kabla hajafika kwa Mutesa, mfalme wa Buganda, alikuwa analima barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, nchi yetu hii hii, na Waganda walimwita Mzungu wa kazi. Akafa 1890 Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mikono yake bado iko kwenye kazi. Hata Paulo mwenyewe alishona mahema na Akila na Prisila, Matendo 18 iko pale, haijafutwa.

Na mambo haya hayajaisha na wazee wale. Bandarini Toamasina iliwahi kukaa ile meli ya hospitali Africa Mercy ya shirika la Mercy Ships, ilikuwepo kati ya 2014 na 2016 na ikarudi tena 2024. Zamani ilikuwa feri ya treni huko Denmark, wakaigeuza hospitali, ina vyumba vitano vya upasuaji, watu wanaondolewa uvimbe shingoni, mtoto wa jicho, watoto wenye midomo iliyopasuka wanashonwa, bure kabisa. Picha zinazozunguka ni za daktari na mgonjwa anayetabasamu, na ni sawa, kazi yao ni kubwa. Lakini ndani ya meli ile kuna wapishi, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji, wafua nguo, walimu wa watoto wa wafanyakazi, wasafishaji, wa mapokezi, kutoka nchi chungu nzima. Chumba cha upasuaji kikikosa umeme au maji safi daktari bingwa anakunja mikono kama mtu mwingine yeyote. Na damu ikihitajika wanaitwa wafanyakazi wenyewe wa melini, waliokwisha kupimwa kundi lao, kwa hiyo mpishi anaweza kutoka jikoni akaenda kutoa damu ikaingia kwa mgonjwa siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi utaratibu wao ulikuwa kila mtu anajichangia gharama zake za kuishi melini, awe nahodha, awe daktari, awe wa jikoni, wote wanachangiwa na makanisa na marafiki nyumbani. Yaani kuna makanisa huko duniani yanamchangia mfua mashuka akatumike, na wanamwombea Jumapili kwa jina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makanisa yetu hayazungumzii kabisa na ndilo linalorudisha watu nyumbani. Watu wanadhani kinachomshinda mmisionari ni malaria, au chakula, au upweke wa kuwa mbali na mama yake. Kwa nilivyoona mimi, na wenzangu wengi waliotumika nchi zingine wanakubali, kinachowashinda wengi ni wamisionari wenzao. Unakaa nyumba moja na watu hamkuchaguana, lugha tofauti, malezi tofauti, jiko moja, choo kimoja, gari moja bovu, na wote mnaamini Mungu amewatuma kwa hiyo kila mtu anaona mawazo yake yana muhuri wa mbinguni.

Sisi tulikuwa na mchungaji Mkorea na mkewe, watu wa maombi kweli kweli, wao kwa desturi ya makanisa yao wanaomba alfajiri na wanaomba kwa sauti. Ukuta wa mbao. Upande wa pili analala nesi aliyetoka zamu ya usiku. Mbrazili naye usiku ana gitaa. Mjerumani akiona hesabu haiko sawa anasema pale pale mezani mbele ya watu wote kwamba hesabu haiko sawa, kwake huo ni ukweli na ni heshima, lakini kwa Mmalagasi kumsema mtu mzima mbele za watu ni kumvua nguo, na mwinjilisti wetu baada ya siku moja ya namna hiyo akawa anakuja kazini, anasalimia vizuri, anatabasamu, na ushauri hatoi tena. Ilichukua muda mrefu sisi wageni kugundua kwamba mtu ameumia, kwa sababu yeye hawezi kukwambia hapana usoni, na yule Mjerumani anasubiri aambiwe. Kazi ya vijijini ikalala katikati ya wema wa watu wawili.

Kilichotuokoa ni kikao cha Jumamosi jioni. Sio sisi tuliokibuni, mmoja wa wachungaji wetu alitupa mfano wa wale wa Serampore, India, akina William Carey, Joshua Marshman na William Ward, ambao kuanzia mwaka 1800 walikaa familia kadhaa kwenye nyumba moja, mmoja mtafsiri, mmoja mwalimu na mmoja mpiga chapa, hela yote kwenye mfuko mmoja, zamu ya kusimamia nyumba inazunguka mwezi kwa mwezi, na Jumamosi jioni wanakaa kumaliza tofauti zao kabla ya Jumapili. Wale watatu walidumu pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha, Ward akitangulia 1823. Basi na sisi tukaanza. Kila mtu anasema kilichomkera wiki hiyo, anamwambia mwenyewe, sio kumsema kwa mwingine, na mwinjilisti wetu tulimruhusu apitishe neno lake kwa mzee wa kanisa kama ilivyo desturi yao, sio lazima aseme mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa ngumu, watu walilia. Ila Wakorea wakahamia stoo ya mchele na maombi yao, tena wakatualika, Mbrazili akapanga saa za gitaa, na Mjerumani akajifunza kumtembelea mtu nyumbani kwake, akae, anywe chai, aulize habari za watoto, halafu ndio hesabu. Yule aliyekuwa hasemi akawa ndiye anayetuongoza vijijini.

Na wamisionari wa zamani wa Antananarivo nao hawakuwa malaika, David Griffiths na wenzake waligombana vibaya mpaka barua za kushitakiana zikafika London. Paulo na Barnaba waligawana njia kwa sababu ya Marko. Kwa hiyo ugomvi kuwepo sio dalili kwamba mtu hakuitwa. Ninachoomba makanisa yanayotuma watu ni kuwaandaa kwa hilo, wafundishwe kuishi na wenzao kama wanavyofundishwa kuhubiri. Na nashauri kabisa wamuulize mtu kabla hawajamtuma, anaishije na jirani, anaishije na wafanyakazi wenzake, akikosewa anafanyaje. Huyu kijana fundi bomba nimemuulizia mtaani kwao, amefanya kazi na mafundi Waislamu na Wakristo, miradi imeisha na wote bado wanamwita. Hiyo ni sifa ya mmisionari, andikeni kwenye fomu.

Kuna jambo lingine linahusu wenyeji. Sisi tunaotoka nje tunajiona ndio timu na wenyeji ni wasaidizi, hata makanisa yanayochangia yanauliza wamisionari mnao wangapi, na wewe unahesabu wenye paspoti tu. Malkia Ranavalona alipiga marufuku Ukristo kwa raia wake mwaka 1835, wamisionari wa mwisho wakaondoka 1836, mwaka uliofuata mama mmoja Mmalagasi anaitwa Rasalama akauawa kwa ajili ya imani yake, na wengine wengi baada yake. Malkia alikufa 1861, na milango ilipofunguliwa wamisionari walikuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha. Miaka yote hiyo hakuna mgeni wa kuwaongoza, kuna wale waliofundishwa kusoma, wana kurasa za Biblia wanazifukia ardhini na kuzisoma usiku. Ndio maana yule kaka wa Bukavu nampa heshima yangu yote, kwa sababu siku ile ya kwanza alimwita kijana wa kijijini akae pembeni ya lile gunia. Sasa hivi pampu ile inatengenezwa na huyo kijana, na ana wanafunzi wake.

Kwa wachangiaji nako kuna shida na naisema kwa upendo. Kila robo mwaka tulikuwa tunaandika ripoti, na maswali yanayorudi ni wangapi wameokoka, wangapi wamebatizwa, tumeni picha. Ukituma picha ya ubatizo hela inakuja, ukituma picha ya tangi la maji kimya. Mwenzangu mmoja aliambiwa na kanisa lake kwamba wamemwondoa kwenye bajeti kwa sababu ripoti zake hazina matunda, na huyo ndiye aliyekuwa anakesha na wajawazito. Mtu wa namna hiyo anaanza kujisikia mwizi wa sadaka wakati anajiua kwa kazi, au anashawishika kupamba ripoti, na yote mawili ni mabaya. Mwaka wa kwanza hasa mtu hana hata cha kuripoti, anajifunza lugha, anajifunza kupika, anajifunza kukaa kimya na kusikiliza, mwacheni ajifunze, mlipeni huo muda, mtakuja kuona faida yake.

Najua hela makanisani ni ngumu, waumini wenyewe wanahangaika na ada na bei ya unga, sijaongea kama mtu asiyejua. Lakini kanisa lile lile lililomkatalia huyu kijana limeweza kumleta mhubiri mgeni kwa semina ya siku chache, hoteli na usafiri juu yao. Sio dhambi. Ila wakikaa tena waweke gharama zote mbili mezani wazilinganishe, halafu waangalie na ile barua ya walioomba fundi, maana wao ndio wenye shida na wameshasema shida yao ni nini.

Kijana anatakiwa atoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, wakimkosa watatafuta mwingine au watabaki wanachota kwa ndoo. Mimi na wastaafu wenzangu wachache tumeanza kuchanga, hela ya tiketi inaelekea kutosha, bado bima na matumizi ya mwaka wa kwanza. Hatutaki kumtuma sisi kama kikundi cha akina mama, tunataka atumwe na kanisa lake, asimamishwe mbele Jumapili, wachungaji wamwekee mikono kama wanavyomwekea mwinjilisti, ili akipata shida huko ajue ana nyumbani pa kuandikia. Wazee wa kamati, shikamooni, nawaheshimu na baadhi yenu mnanifahamu, mkipenda niitwe kikaoni nitakuja kwa nauli yangu na madaftari yangu ya zahanati ninayo.

Nesi mstaafu,
Muheza, Tanga